Kusaga

Wiki ya tatu, na bado analiita jina langu
kama mtu anayetema kokwa ya zeituni.
Evanthia! Taa. Evanthia! Lete hilo.
Bwana Stergios analiinua jino langu kwa kibano,
anageuza kiti kuelekea dirishani
(Thesaloniki, Novemba, mwanga wa maziwa yaliyotiwa maji)
na kimya chake kinarefuka kuliko sala ya Ijumaa Kuu.
Kisha: Jino hili halijawahi kula mkate.
Rudia.

Nimerudia.
Nimechonga nta, nimemimina jasi,
nimepaka kauri tabaka juu ya tabaka
kwa brashi ya nywele tisa na pumzi iliyobanwa,
nikalitia tanurini, nikalitoa.
Sasa limekula mkate, akasema, lakini mkate wa tajiri,
na mgonjwa ni fundi bomba.
Rudia.

Anazo droo tatu za meno aliyoyakataa.
Ukizivuta, zinakuchekelea.

Saa tano usiku simu inatetemeka juu ya jokofu:
Namba kumi na nne. Umeuona mfereji wake?
Saa tano na dakika nne: Umelala?
Saa tano na dakika tisa: Usijibu. Kesho uwahi.
Mama, aliyeniombea kazi hii kwa mishumaa miwili,
ananisikia kupitia ukutani nikisaga usingizini;
alidhani panya wamerudi.
Mchana natengeneza meno ya watu,
usiku nayala ya kwangu.

Asimina, aliyemaliza miaka kumi na mmoja pale,
haniambii nivumilie.
Anasema: Chakula chako kakile nje, hata ikinyesha.
Na ukihesabu hadi kumi ili usipasuke,
hesabu kwa sauti, ajue unahesabu.
Basi saa saba nakaa kwenye ngazi,
upepo wa Vardari unanipekua mifuko,
ufuta wa mkate unamwagika magotini,
natafuna taratibu, upande wa kulia tu.

Ijumaa alipiga mwayo.
Sikukusudia kuona: nyuma, chini, kushoto,
pengo. La zamani, ufizi umeshafunga mlango.
Mtu ambaye nusu ya mji unacheka kwa mikono yake!
Jino la pembe si dawa ya pengo;
labda yeye analijua hilo kuliko sisi sote,
labda anaogopa sindano. Sikuuliza.
Ila tangu siku hiyo, akisema rudia,
nasikia upepo kidogo ukipenya ndani ya neno.

Juzi nilibaki nyuma, taa moja.
Nilijipiga chapa ya kinywa, nikalishika taya langu la jasi kiganjani:
nilivyojisaga! Vilele vimelala
kama chungu za chumvi zilizonyeshewa.
Nikajimiminia kikinga cha plastiki angavu,
cha kuvaa usiku, kikae kati yangu na mimi.
Nikakisahau mezani.

Asubuhi kilikuwa chini ya taa yake.
Nilisubiri koti langu, mkoba wangu, mlango.
Alikipindua mara mbili, akakipitishia kidole.
Kushoto kuko juu kwa unywele mmoja, akasema.
Utaamka na kichwa kinauma.
Rudia.
Na kwenye daftari la maagizo, kwa mwandiko wake wa kuchongoka:
Mgonjwa, Evanthia. Malipo, hakuna. Haraka, sana.

Haikunifanya nimpende.
Mchana uleule alinirudishia madaraja mawili
na kuniita mara kumi na saba;
nilihesabu. Kwa sauti. Asimina aliinamia nta yake,
mabega yakimtikisika.

Saa tano usiku. Leo haandiki, anapiga.
Simu inanguruma juu ya jokofu,
inajisogeza yenyewe hadi ukingoni.
Nyuma ya ukuta mama anageuka kitandani.
Nimeshavaa kikinga, kimekaa sawasawa kushoto na kulia.
Hata ningetaka, siwezi kumjibu:
kinywa kimejaa.