Bei ya Kusubiri

Wale wa kwenye simu wakiona Chanika
hughairi safari kabla sijavaa kiatu cha pili.
Nikampigia Bwana Ndunguru, mpangaji wa kwa Mama Asteria,
mwenye IST ya rangi ya fedha
na viti ambavyo hajavivua nailoni mwaka wa tatu huu.
"Mlimani City, kwenda na kurudi."
"Themanini."
"Hamsini, baba, mimi nauza chapati."
"Sabini, na saa mbili za kusubiri humo humo.
Zikizidi, kila saa elfu tano.
Njia haichoshi, mama. Kinachochosha ni kukaa."

Nikapanda nyuma kama mke wa mkubwa,
hela nimezifunga kwenye pindo la khanga,
mafundo mawili.

Pugu. Gongo la Mboto. Ukonga.
Vumbi la ujenzi likitusindikiza,
naye akinisimulia mwanawe aliyeacha chuo
akafungua kibanda cha kunyoa, na sasa
ndiye anayemkopesha baba yake mafuta.
Kipawa ndege ikapita juu yetu, chini kabisa,
nikaona magurudumu yake yanatoka tumboni.
Nikainamisha kichwa, kana kwamba ingenigusa.
Sikuwa nimemwambia ninakwenda kununua nini.

TAZARA tukakata kushoto, Buguruni foleni.
Muuza maji. Muuza chaja. Muuza ramani ya dunia
akaibandika kwenye kioo changu, yote, na bahari zake.
Nikaitafuta Muscat kwa kidole.
Taa ikaruhusu kabla sijaiona.

Duka la masanduku lina baridi ya kuvalia sweta.
Kijana wa pale akavuta moja jekundu,
likamfuata bila kelele, kama mbwa wa kizungu.
"Hili linabeba kilo thelathini. Anakwenda kwa muda gani?"
"Miaka miwili."
"Basi chukua hili."
Nikashika dogo.
Dogo ni la mtu anayerudi.
Nikaliacha, nikashika kubwa, nikaliacha.
Nikatoka nje, nikanunua maji ya elfu moja na mia tano,
nikayanywa yote kwa hasira ya bei, nikarudi.
Nikalifungua dogo, nikapanga kwa macho:
magauni manne, kandambili, Msahafu,
pilipili ya kusaga, maana huko sijui wanakula nini,
shuka moja inayonuka kwetu.
Halikufunga.
Kijana, Mungu ampe, hakunikunjia uso.
Nikafungua fundo la kwanza, kisha la pili.

Kwenye maegesho Bwana Ndunguru alikuwa amelala,
kinywa wazi, redio ikimsomea matokeo ya mpira.
Buti imejaa: mtungi wa gesi wa mkewe, tairi, ndoo.
Nyuma nimenyoosha goti langu bovu.
Akalikalisha sanduku kiti cha mbele.
Gari likaanza kulia, ti, ti, ti,
likidhani limepakia mtu mkaidi.
Akanyoosha mkono, akavuta mkanda,
akalifunga.
Gari likanyamaza.

Ubungo ndipo akauliza, macho barabarani:
"Nani anasafiri?"
"Shani."
"Yule wa mwisho?"
"Sina mwingine."
Akazima redio.
Tulipofika uwanja wa ndege alikanyaga mafuta,
yeye ambaye huendesha kama anayebeba mayai.

Mlangoni nikamhesabia sabini, nikaongeza kumi.
Akairudisha ile kumi.
"Saa mbili hazikupita, mama."
Zilipita tatu na nusu. Simu yangu inajua kuhesabu.
"Chukua," nikasema. "Tulikubaliana."
Ndani Shani alikuwa anakaanga kitu, anaimba vibaya,
hajasikia gari.
Bwana Ndunguru akaitia noti mfukoni bila kuikunja,
akazunguka, akafungua mlango wa mbele,
akasimama kidogo
mkono juu ya mkanda,
akinitazama mimi kwanza.