Mkebe Chini ya Mbao

Shangazi alitaka marumaru. Sakafu ya mbao, alisema,
inanuka uzee, inanuka babu,
na mgeni akikanyaga inamsengenya.

Basi Juni, ukungu wa Njombe umekaa juu ya miwati
kama kuku anayeatamia,
fundi Lwidiko akaingia na mtaimbo.
Mbao ya kwanza ikalia, ya pili ikalia,
ya tatu, pale kitanda cha babu kilipokaa miaka hamsini,
ikatoka bila ubishi.
Misumari yake haikufanana na ya wenzake.
"Hii," akasema, "imewahi kufunguliwa. Tena si mara moja."

Chini yake unga wa mchwa, maganda ya karanga, kifungo cha koti,
na mkebe wa biskuti wenye picha ya farasi.

Mimi nilitarajia hati ya shamba. Lwidiko alitarajia rupia za Mjerumani:
kila fundi wa nyanda hizi ana rupia za Mjerumani
ambazo bado kidogo tu azipate.
Zilikuwa barua. Kumi na moja.
Zimefunguliwa kwa wembe, taratibu,
na mkono uliokuwa ukiheshimu karatasi.
Stempu za malkia, mhuri wa Korogwe,
na juu ya kila bahasha jina moja:
Yosina binti Mgaya,
kwa mkono wa Karani wa Manamba, Njombe.

Karani ni babu.
Yosina ni bibi. Yuko jikoni, anamenya viazi.

Mke wangu, mimi mzima, ila miguu.
Mkonge unachoma kama maneno ya wifi yako.
Huku hakuna baridi hata ya kuazima.
Shilingi ishirini nimezipitisha kwa karani wenu,
mtu mwema, ana mwandiko mzuri.
Ndama usimuuze, nitamkuta.
Mbona hujibu?

Ya pili nayo inauliza mbona hujibu.
Ya tano inasema kama nimekukosea, niambie.
Ya tisa haiulizi tena. Inataja kanga tu,
bei yake, na rangi.

Ndani ya ile ya kumi na moja hamna barua, kuna kipande:
Luhuvilo, namba 4417,
vyumba thelathini vya siku thelathini,
ishirini na mbili vimegongwa mhuri,
vinane vyeupe.
Agosti 1954.

Nikainua macho.
Picha ya harusi ilikuwa imepinda kwa mitikisiko ya nyundo,
babu na tai yake, bibi na shela ya kuazima,
na chini, kwa ule mwandiko mzuri:
Mei 1954.

Sisi tumekua tukijua bibi aliolewa akiwa mjane.
Neno hilo lilikaa nyumba hii kama kiti.
Tumelikalia, tumelipangusa vumbi,
hakuna aliyeuliza nani alilileta.
Mei, mjane.
Agosti, mumewe yuko Korogwe anakata mkonge.

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea.
Barua hizi zingefika, baba yangu anatoka.
Shangazi anatoka, na marumaru yake.
Natoka mimi, na kidole ninachohesabia.

Lwidiko alikuwa amekalia ndoo, anasubiri.
"Nirudishe?" akauliza, akionyesha shimo kwa kidevu.
Fundi mzuri. Nyumba nyingi zimemfunza kunong'ona.

Mara sauti kutoka jikoni:
"Mmeona nini huko, mbona kimya?"
"Panya, bibi."
Kisu kikaendelea. Ganda moja refu, halikatiki.
"Panya wa nyumba hii," akasema,
"walijua kusoma."

Kiazi kikatumbukia majini. Akachukua kingine,
akakigeuza, akakisugua udongo kwa dole gumba.

"Ile kanga," akasema,
"aliandika ni ya rangi gani?"