Friji ya Aatos

Hatukuanza kwa kushuku. Tulianza kwa aibu.
Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake
anayeyeyusha akiba yake usiku, mbele ya kioo.
Aatos alimwambia mkewe friji imeharibika tena,
pesa zimekwenda kwa fundi.
Mimi nilinyamaza. Kunyamaza, hapa Oulu, si kazi:
theluji yenyewe inakusaidia.

Ni Tuulikki aliyevunja kimya.
Miaka thelathini na moja alipanga ratiba za mabasi ya mji,
analijua basi lililochelewa
na basi linalojifanya limechelewa.
Alipiga simu saa tisa usiku.
"Huyu Pöllö," akasema, "hakosei kituo hata kimoja."

Pöllö. Kwa lugha yetu, bundi.
Ndilo jina alilojipa mezani,
nasi tuliliona zuri.

Alikuwa akiingia na ghulamu na tatu, takataka tupu,
anatia dau la kutisha, tunakimbia.
Lakini ukishika ree mbili
anatupa karata zake polepole
kama mtu aliyekumbuka
ameacha maji jikoni yanachemka.

Tuliwaandikia wenye meza. Wakajibu:
*Mteja mpendwa, bahati ni bahati.*

Za mwizi, husemwa, ni arobaini.
Huyu tulimhesabia michezo elfu arobaini,
mmoja mmoja, Tuulikki akiwa na penseli
iliyobaki kama jino la mtoto,
na bado tulikuwa na hesabu tu.
Hesabu haimshiki mtu kola.

Basi, Jumanne moja ya Februari,
nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
tukakutana kwa Aatos, chumba cha nje cha sauna,
mahali ambapo Sinikka haingii bila kubisha.
Vipakatalishi vitatu juu ya benchi.
Tuulikki akatoa utepe mweusi wa fundi umeme,
akakata vipande, akabandika
kila kioo kwenye ile kona
ambapo karata zako hujifunua kwako.

Tukacheza hivyo. Hatuoni tulichoshika.
Tunapandisha dau kila mara, liwalo na liwe.
Asiyezijua karata zake
hawezi kuzisaliti kwa kusita kwa kidole,
kwa pumzi, kwa chochote.
Nilisikia barafu ikipasuka mtoni
na moyo wangu ukilipa kila dau.

Saa kumi tukabandua utepe, tukasoma kumbukumbu.
Mara kumi na tisa tulishika karata nzito
pasipo kujua.
Mara kumi na tisa Pöllö alitupa zake.
Na niliposhika mbili na saba, uchafu wa mwisho,
alinifuata hadi senti ya mwisho
bila kupepesa.

Sisi vipofu wa mikono yetu wenyewe,
yeye ndiye aliyekuwa akiitazama,
naye hakuwa mgeni mezani: mezani ni kwake.
Kikulacho ki nguoni mwako,
nasi tumekaa chumba cha kuvulia nguo.

Aatos akafunika uso.
"Kwa hiyo sikuwa mjinga."
"Mjinga ulikuwa," akasema Tuulikki,
akikunja utepe uliobaki. "Ila umeibiwa pia."

Barua ilikuja baada ya wiki kumi na moja.
Neno lao lilikuwa *hitilafu*.
Jina la mtu halikuwemo.
Pöllö alifutwa, kama unavyofuta ubao
huku chaki ikibaki mkononi mwa yuleyule.
Mimi nilirudishiwa nusu.
Gundi haijatoka kwenye kioo changu,
nimejaribu siki, nimejaribu kucha;
vumbi limeketi pale, mstatili mdogo wa kijivu.

Aatos alinunua friji.
Sinikka aliizunguka, akaigusa mlango.
"Ile ya zamani," akauliza,
"si uliitengeneza mara tatu?"
Akaufungua mlango, akasimama
kwenye mwanga wake, bado haina kitu ndani,
akisubiri.