Kigoda

Tulichora milango sita kwenye karatasi ya kufungia nyama,
mimi na Jagna, jikoni kwake, Łódź, mwezi wa Februari,
theluji imeziba dirisha, birika linanung'unika.
Mchezo ni huu: kiwanda cha nguo kilichokufa, orofa nne,
mwigizaji mmoja, hai, mwenye taa na kikohozi cha kweli,
na watu mia mbili majumbani mwao, vidole juu ya vibonye,
wakimpigia kura: kushoto, kulia, panda, fungua.

Bogumił ana miaka sitini na moja.
Nilimwambia, "Wewe ni mlinzi aliyesahau analinda nini."
Akasema, "Hilo halihitaji mazoezi."

Usiku wa majaribio walimchezea kama mpira wa makaratasi.
Panda. Shuka. Panda. Mtu mmoja huko Lublin
alimfungulisha kabati lile lile mara kumi na moja
kwa kuwa mlio wa bawaba ulimchekesha.
Nami nyuma ya skrini nilifurahi, aibu yangu hii,
nikihesabu mibofyo kama muuza duka na chenji zake.

Saa sita kasoro robo, ngazi ya tatu, akasimama.
Mkono ukutani. Pumzi ikaingia kwenye kipaza sauti,
ikatokea vyumba mia mbili.
Hii imeandikwa?
Jagna akanitazama. Haikuandikwa.

Kura zikakoma.
Sijawahi kuona sufuri ikikaa kitako muda mrefu vile.
Kisha, kwenye kisanduku cha kuripoti hitilafu,
ambacho tulikiweka kwa adabu tu,
mchezaji aliyejiita Shangazi wa Uzi akaandika:
Mpeni kiti.
Na mwingine: kiti. Kiti, jamani. Kiti.

Hatukuwa na kiti. Tulikuwa na milango sita,
mizimu miwili ya projekta na moshi wa kukodi.
Jagna akapanda mbio na kigoda alichokikuta chooni,
akaingia kwenye picha na ndara zake za manjano.
Bogumił akakaa. Akatoa mkate mfukoni, akala.
Dakika nne.
Hakuna aliyebofya, hakuna aliyetoka.

Leo karatasi iko mezani tena.
Jagna anataka tuongeze kibonye cha kiti.
Nakataa: kikiwa kibonye, kitakuwa amri;
watamkalisha na kumwinua kama lile kabati.
Tumebishana mpaka chai imepoa.
Simu inalia. Ni Bogumił:
kesho saa ngapi, na kile kigoda,
tafadhali, msikirudishe.