Ukurasa wa Ambilikile

Mtaani wananiita Mangi, ingawa mimi ni Mrangi wa Kondoa
na Kilimanjaro nimeuona kwenye lebo ya chupa ya maji tu.
Duka langu liko Upanga, nyuma ya viwanja vya udongo mwekundu
ambavyo baba yake alivimwagilia alfajiri
na kuvichora mistari kwa chokaa, mgongo umepinda kama kulabu.

Mtoto alikuja na vijisenti vya kuokota mipira.
Nusu mkate, soda baridi, "Iliyobaki niandikie, Mangi."
Nikamwandikia.
Leo ana miaka ishirini na sita, daftari ni la tano, bado namwandikia:
kushoto deni, kulia namba yake ya dunia.
Vyote viwili naviombea vipungue.

Kila Jumatatu, kabla sijafungua mlango wa chuma,
nawasha simu, nateremsha kidole,
majina yanapita kama mabehewa ya treni ya mizigo,
Mserbia, Muajentina, Mjapani, Mjapani,
hadi kidole kinatua: Mwakalinga A., mia nane na kumi na mbili.
Natumia penseli. Kalamu ni ya madeni.

Sijamwona akicheza tangu aondoke.
Monastir, Antalya, Kigali mara moja,
chumba cha wawili wanalala wanne,
viwanja visivyo na mtazamaji ila mke wa mwamuzi.
Ninachokiona mimi ni tarakimu
na kidoti cha kijani kando ya jina la anayeanzisha.
Thelathini kwa arobaini. Kidoti kimetulia.
Hapo ndipo Mama Shangwe anataka sukari, robo;
nampimia nusu, namrudishia chenji ya elfu kumi
na yeye alitoa elfu mbili.
Alirudisha. Keshokutwa yake.

Kijana wa bodaboda anacheka: "Wa mia nane?
Huyo si bora arudi auze vocha?"
Namuuliza, wewe kwa kuendesha, duniani, ni wa ngapi?
Mimi katika maduka ya mtaa huu ni wa nne,
na maduka yako manne.

Pointi, alinieleza, ni kama bando:
zina mwaka wake, zinaisha hata kama hujazigusa.
Aliyeshinda Machi iliyopita lazima ashinde Machi hii
ili abaki palepale alipo.
Nilielewa upesi. Kodi ya fremu ni hivyohivyo.

Machi hii alikuwa na kumi za kulinda.
Raundi ya kwanza, mtoto wa Kicheki, miaka kumi na saba.
Seti moja kila mmoja. Ya tatu, tai-breki.
Sita kwa tano, kidoti upande wetu,
umeme ukakatika, na mnara nao ukazima.
Nikabaki na sita kwa tano gizani,
friji imeacha kunguruma, barafu za watoto zinalegea.
Kwa robo tatu ya saa alikuwa ameshinda.
Nani angenibishia?
Niliuza mishumaa kwa uso wa mtu anayeoza mwana.

Umeme uliporudi:
sita sote, sita kwa saba, sita kwa nane.

Jumatatu nilishuka, nikashuka, kidole kikachoka.
Elfu moja na arobaini.
Nilichonga penseli kwanza.

Usiku wa manane, ujumbe: "Mangi, niko Nairobi.
Nyuzi zimekatika, raketi mbili. Elfu sitini.
Kesho naanzia mchujo."
Sikumjibu neno. Nilituma, na ya kutolea.

Asubuhi naenda kuandika, ukurasa wake umejaa,
hata pembeni hapana nafasi.
Nikafungua mpya, nikaandika juu kwa kalamu:
Imeletwa kutoka nyuma.
Kushoto jumla.
Kulia nimeacha wazi,
na Mama Shangwe anagonga kaunta kwa sarafu. Sukari. Robo,
anasema, na safari hii tazama mizani.