Mafundo

Ukikanyaga breki, waipa zinaamka,
zinafagia kioo kikavu mara mbili, zinalala.
Ukiwasha indiketa ya kushoto
ya kulia inakonyeza nayo, hafifu,
kama mtu anayecheka mzaha usiomhusu.
Honi ndiyo pekee yenye adabu: haisemi kabisa.

Hili ni gari la baba yangu, Endel.
Alilijenga mwenyewe katika banda hili la Haapsalu
miaka ile ukijiandikisha kununua gari
mtoto wako anazaliwa, anaanza shule, gari halijaja.
Injini ya Zhiguli iliyopinduka,
bodi ya fibaglasi aliyoitandaza kwa mikono,
viti vya basi lililostaafu.
Nyaya alizipata popote: kiwanda cha redio, posta,
mashine ya kukamulia ng'ombe wa ushirika.

Februari. Hita inanuka kuliko inavyopasha.
Nimelala chali chini ya dashibodi,
tochi mdomoni, testa mkononi.
Mimi ni fundi wa lifti. Nimezoea michoro,
nimezoea nyekundu iwe nyekundu hadi mwisho wa safari.
Hapa nyekundu inaingia kwenye kiungo, inatoka kijani.

"Baba, mchoro uko wapi?"
"Kichwani."
"Na kichwa kiko wapi?"
"Kinakunywa kahawa."

Yuko juu ya ndoo iliyopinduliwa,
miaka themanini na mmoja, kofia ya sufi hadi nyusi.
"Shika ule wa kahawia."
Naushika.
"Si huo. Wa kahawia."
Ncha ya fimbo yake imegusa waya
wa kijani kama nyasi za Juni.

Nikanyamaza na tochi yangu.

Stroberi. Kila kiangazi, kitaluni nyuma ya banda,
alibonyeza kila tunda kabla ya kulichuma,
polepole, kama daktari na tumbo la mtoto.
Mama alisema ni ubahili wa mkono.
Na soksi zake. Na zile taa za barabarani Tallinn,
zilizolazwa ubavu badala ya kusimama:
alizikodolea macho hadi walio nyuma wakatupigia honi.

Hakusema. Nami sikuuliza.

Tochi ikateleza, ndipo nikayaona:
uzi wa kushonea viatu, uliopakwa nta,
umefungwa kwenye kila waya, karibu na ncha.
Fundo moja, taa za mbele. Mawili, breki.
Matatu yaliyobanana, honi. Matatu yenye nafasi, waipa.
Gari zima limeandikwa kwa vidole.

Nikazima tochi, nikafumba macho, nikasoma.
Mafundo mawili yakanipeleka nyuma ya kiti,
chini ya zulia, hadi kwenye boliti ya chasisi.
Fibaglasi haipitishi umeme; hapa ndipo
kila taa inaporudi kwao, na boliti
imeshika kutu nene kama ukoko wa wali.
Watu husema penye nia pana njia. Umeme hauna nia.
Ukifungiwa mlango wa kwao hupita kwa jirani,
unachezea waipa zake, unakonyeza kwa taa yake.

Nikasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa.
Nikapaka grisi. Nikakaza.
"Kanyaga breki."
Waipa kimya. Nje, theluji iliyorundikana mlangoni
ikawa nyekundu.

"Ni rangi gani?" akauliza, bila kunitazama.
Nikafungua mdomo. Kama stroberi, nilitaka kusema.
"Inawaka," nikasema.
"Hilo naliona."
Akamimina kahawa iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa,
akanipa.

Honi bado imenuna. Mafundo matatu yaliyobanana
yanazama ndani ya nguzo ya usukani
ambako vidole vyangu havifiki.
"Vyangu vilifika," anasema,
na kuanza kuvua glavu.