Kapanzi

Masanduku manne yalipofika Kasumbalesa
afisa wa forodha aliyazunguka mara tatu,
akachungulia, akaguna:
«Papa, motokari yenyewe iko wapi?»
Ndiyo hiyo.
«Na milango?»
Haina.
«Na paa?»
Haina.
Akanitoza ushuru wa trekta,
maana karatasi zake hazikuwa na mstari
wa kitu kisicho na vitu.

Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye kerezo
nikichonga mihimili ya mashine za wenye migodi.
Lubumbashi hii kila kitu ni tani:
shaba tani, vumbi tani,
hata madeni ya arusi watu huyataja kwa tani.
Nikataka, kabla magoti hayajakataa,
kitu kimoja ninachoweza kukiinua pembe moja
kwa mikono yangu.

Miezi kumi na minne uani, Katuba,
kati ya kamba ya nguo na banda la kuku.
Injini tuliikuta mtaa wa Kenya,
ndani ya teksi iliyokuwa imebusu ukuta.
Twite, kijana wa jirani, alisoma maelekezo
kwa Kiingereza cha kubahatisha.
Tulipomaliza zilibaki boliti saba.
Zimo kwenye kopo la maziwa hadi leo,
na hadi leo, usiku, nazihesabu.

Feza mke wangu alisema:
«Pesa ya kiwanja umenunua kiatu.»
Kweli, ni kiatu.
Huingii; unakivaa,
mguu huu, kisha ule, unateremka
mpaka makalio yabaki shubiri moja na lami.
Mtu akikupita kwa baiskeli unamwangalia kwa chini,
kama mtoto.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri,
malori bado yamelala na midomo wazi,
nakata kulia, nauacha mgongoni
ule mlima mweusi wa makapi na bomba lake refu,
natia gia ya tatu.
Usukani hausikii siri, huropoka yote:
hapa kokoto, hapa ganda la muwa,
hapa walitia lami mwaka wa uchaguzi.
Kona hunifika kiunoni kabla ya machoni.
Mkaa nausikia kabla ya moshi wake,
mkate kabla ya duka.
Shimo ambalo lori hulimeza bila kujua
mimi nalijua kwa jina.
Na watoto wa Ruashi kando ya njia:
«Kapanzi! Kapanzi kameruka!»

Novemba, Feza akakubali.
Kitambaa kichwani, mafundo mawili,
mkoba mapajani kama anakwenda benki.
Hakusema neno mpaka daraja la pili,
aliposema: «Ongeza.»

Mvua ilitukuta njia ya Likasi,
si mvua ya kuuliza hodi.
Lori lilikuwa limeegeshwa, trela lake refu,
mabamba ya shaba yamefungwa minyororo.
Nikapima kwa jicho la fundi,
nikainama, Feza akainama,
tukapenya chini yake, kati ya magurudumu,
na nafasi ya kiganja ikabaki.
Tani thelathini juu ya vichwa vyetu,
sisi tunakula karanga.

Dereva akashuka na mwavuli uliovunjika mbavu,
Musonda, mtu wa Ndola, akachutama.
«Hii inabeba nini?»
Watu wawili.
«Na nini tena?»
Basi.
Akanyamaza. Maji yalimtiririka shingoni.
Akauliza kama angeweza kukaa kidogo.

Feza akampisha.
Akavua viatu vyake, akavipanga kwenye lami yenye maji
kama mlangoni mwa mtu.
Magoti yalimfika kidevuni.
Akashika usukani kwa mikono yote miwili,
hakuuzungusha,
akaangalia mbele, kwenye mvua.